Kizuri chajiuza, ila chako kimefungiwa ndani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mshauri nasaha katika shule ya sekondari yenye wanafunzi 870. Niko peke yangu. Nina miaka tisa katika kazi hii na sijawahi kuandika barua ya namna hii, kwa sababu wanaoandika barua za namna hii huwa wananiandikia mimi.

Chumba changu zamani kilikuwa cha vifaa vya michezo. Mlangoni bado pameandikwa STOO, na nyavu za goli bado ziko kwenye kona, nyuma ya kiti anachokalia mwanafunzi. Mwaka wangu wa kwanza niliambiwa zitaondolewa.

Mwalimu akiugua, mimi ndiye ninayeingia darasani kwake. Mitihani ya majaribio ikifika, mimi ndiye ninayehesabu karatasi, ninayefunga bahasha, ninayesimamia. Wanafunzi wapya wakija, fomu zao ni zangu. Waliochelewa hupanga foleni mlangoni kwangu niwasainie vibali. Na wapo walimu ambao mtoto akipiga kelele humfukuza kwa maneno haya: "Toka! Nenda kwa mshauri!" Basi mtoto anaingia kwangu kichwa kimeinama, anasubiri adhabu, nami nina dakika kumi za kumshawishi kwamba mimi si adhabu.

Muhula uliopita nilikuwa ukumbini siku tatu mfululizo nikisimamia mtihani. Niliporudi nilikuta karatasi imepenyezwa chini ya mlango, imechanwa kwenye daftari la hesabu, ya miraba. Imeandikwa: "Nilikuja. Hukuwepo." Maneno hayohayo mara mbili, ya juu kwa kalamu ya bluu, ya chini kwa penseli. Hakuna jina. Ilinichukua siku kumi na moja kumpata aliyeandika. Nilipompata akanitazama kwa upole kabisa, akasema, "Si kitu, mwalimu. Nimeshamaliza mwenyewe."

Mwezi huu mkuu wetu mpya ametangaza kwamba bodi ya shule itakaa baada ya wiki sita kupitia nafasi zote zisizo za kufundisha. Yangu imo. Wazo lililopo ni kwamba walimu wenye vipindi vichache wagawane kazi ya ushauri. Makamu mkuu akasema mbele ya kikao kizima, "Kwani huyu anafanya nini? Kila nikipita mlango umefungwa." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Rafiki yangu wa shule ya jirani, mshauri mwenzangu, ananisukuma nijitetee. Anataka nirudi kwenye chama chetu cha washauri, ambako sijalipa ada miaka minne, na eti nigombee ukatibu wa tawi. Shangazi, mimi si mwanasiasa. Nimelelewa na kauli kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikianza kujipigia debe leo, si ndiyo watasema kumbe hana kitu? Na hata nikitaka kusema, nitasema nini? Mema yote niliyowahi kufanya ni siri za watu.

Nifanyeje?

Mwenye Stoo

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara macho yangu yanagota kwenye ile karatasi ya miraba. Nitairudia. Kwanza tuzungumze kuhusu methali yako, maana ndiyo iliyokufunga mikono.

Kizuri chajiuza kikiwa kimewekwa mahali watu wanakiona. Seremala anaweza kunyamaza kwa sababu kiti chake kiko nje; mpita njia anakikalia, anakitikisa, anajua kama miguu ni imara. Kazi yako hufanyika mlango umefungwa, na kadiri inavyofanyika vizuri ndivyo inavyozidi kutoonekana. Mtoto aliyetaka kuacha shule asiache haonekani popote. Ni jina tu linaloendelea kuitwa asubuhi kwenye daftari la mahudhurio, linaitikia, basi. Nani anahesabu mambo ambayo hayakutokea? Makamu wako alisema kweli: kila akipita mlango umefungwa. Kosa lake ni kudhani mlango uliofungwa ni uvivu. Kosa lako ni kucheka.

Usinune. Nami nilishacheka hivyohivyo.

Kabla ya safu hii nilikaa miaka mingi kwenye chumba kama chako, chenye dirisha moja na kabati lisilofunga. Bodi ilipotaka kupunguza watu, niliandika ripoti ya kurasa kumi na moja. Niliweka nadharia, nikaweka umuhimu wa malezi bora, nikapiga chapa vichwa vya habari kwa herufi kubwa. Mwenyekiti aliipima unene kwa kidole gumba, akailaza mezani bila kuifungua, akaniuliza, wala si kwa ubaya: "Mama, ukiingia ofisini saa mbili asubuhi, unafanya nini hasa?" Nikajibu, "Inategemea." Nafasi ikaenda kwa mwalimu wa jiografia aliyekuwa na vipindi vichache. Mtu mzuri sana yule. Miezi miwili baadaye alinipigia simu kuniuliza afanye nini na mtoto anayelia kila Jumatatu.

Kwa hiyo swali utakaloulizwa nalijua, na una wiki sita za kuliandalia jibu ambalo halianzi na "inategemea".

Lakini kwanza elewa kwamba hili halikuanza na shule yako. Mwaka 1908 Frank Parsons alifungua ofisi kule Boston, Marekani, ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi, na kazi ya ushauri wakati huo ilikuwa hiyo tu: kijana na ajira inayomfaa. Alifariki mwaka huohuo. Kitabu chake kikachapishwa 1909, mwenyewe hakukiona. Nusu karne baadaye, Oktoba 1957, Wasovieti wakarusha Sputnik, satelaiti ya kwanza kuizunguka dunia, Marekani ikashtuka, na sheria iliyopitishwa huko 1958 ikatoa fedha nyingi za kuwafunza washauri wa shule. Usidhani ni kwa kuwahurumia watoto. Serikali ilitaka vijana wenye vipaji vya sayansi na hesabu watambuliwe mapema wasipotee njiani. Unaona mchezo ulivyo? Kila zama kuna mtu mwingine aliyeamua mshauri wa shule ni wa kazi gani, kwa shida yake yeye. Usiposema kazi yako ni ipi, pengo halibaki wazi. Lako limejazwa bahasha za mitihani.

Wenzetu wa huko hatimaye waliamua kusema wenyewe. Chama chao, American School Counselor Association, kilianzishwa 1952, na mwaka 2003 kikatoa mwongozo wa kitaifa wa programu ya ushauri shuleni. Kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na angalau asilimia 80 ya muda wake iende kwa wanafunzi, iwe ana kwa ana au kwa kazi inayofanyika kwa ajili yao, kama kuongea na mzazi au kukaa na mwalimu wao. Hata wao kiwango hicho hawajakifikia; wastani wa nchi nzima bado umezidi 350. Wewe una 870. Ukigawanya, hiyo ni kazi ya watu watatu na nusu, na ile nusu yenyewe iko ukumbini inahesabu karatasi.

Chama hichohicho kina orodha ya kazi ambazo mshauri hapaswi kubebeshwa. Niliposoma barua yako nilidhani umeinakili: kuandikisha wanafunzi wapya, kuratibu mitihani, kusaini vibali vya waliochelewa, kuingia darasani badala ya mwalimu asiyekuwepo, kutoa adhabu. Zote unazo. Ila nakuonya, usiende kupeperusha mwongozo wa nchi nyingine mbele ya bodi yako kana kwamba umeshuka nao mlimani. Watakuuliza, "Hapa ni huko?" Wataje mara moja, kama kipimo, kisha urudi haraka shuleni kwenu.

Na shuleni kwenu huna hata namba moja. Ndiyo maana hujui useme nini.

Kesho chukua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kila nusu saa andika herufi moja tu. M kama ulikuwa na mwanafunzi mmoja. K kikundi. D ulipoingia darasani kufundisha somo lako la ushauri, si kufidia la mtu. W mzazi au mwalimu. P mipango na kumbukumbu zako. Z ni mengineyo yote: bahasha, vibali, fomu, vipindi vya wagonjwa. Usiandike jina la mtoto wala habari yake. Andika palepale, usingoje jioni, kwa sababu jioni mtu hukumbuka kilichomuuma na kusahau kilichomla muda. Fanya hivyo siku kumi za kazi, na ziwemo siku za kawaida, la sivyo makamu atasema umechagua wiki ya mitihani makusudi. Naye atakuwa na haki.

Mwisho wa siku kumi hesabu herufi. Sijui Z zako zitakuwa ngapi, ila najua utashtuka, maana kila niliyemwambia afanye hivi alishtuka. Mmoja aligundua kwamba saa ndefu kuliko zote katika wiki yake aliitumia akitafuta funguo ya chumba cha mikutano, kwa sababu hakuwa na pa kukaa na wazazi. Hilo lilitatuliwa siku moja, kwa funguo ya pili.

Hapo utakuwa umepata nusu ya jibu: muda unakwenda wapi. Nusu ya pili ni ngumu zaidi: ukipewa muda, kunabadilika nini? Washauri wengi huanguka hapa. Wanasimama na kusema, "Mwaka huu nimeona wanafunzi 212." Sawa, na halafu? Hata mlinzi wa geti amewaona. Idadi ya waliokuja inaonyesha kwamba ulikuwa na shughuli. Ongeza walichojifunza au wanachosema kimebadilika kwao. Kisha tafuta kile ambacho mtu wa nje anaweza kukikagua bila kukuamini wewe: mahudhurio, alama, idadi ya waliorudishwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu.

Chukua jambo moja tu. Tuseme una kikundi cha wanafunzi kumi na wanne waliokuwa watoro ulichokutana nacho kila Alhamisi muhula uliopita. Mwombe karani wa mahudhurio siku walizokosa kabla na siku walizokosa baada, jumla ya kikundi kizima. Kama zimepungua, hiyo ni sentensi yako moja mbele ya bodi. Usiseme ni wewe peke yako uliyezipunguza. Pengine na mvua zilikatika, pengine na mwalimu mmoja alibadilika. Sema, "Hiki ndicho tulichofanya, na hiki ndicho kilichotokea." Mtu asiyejisifu kupita kiasi husikilizwa, na hapo ndipo malezi yako ya kutojitembeza yatakufaa kweli.

Kuhusu siri, hofu yako nimeielewa na naiheshimu. Lakini umechanganya mambo mawili. Siri ni ya mtoto. Kazi ni yako. Unaweza kuifungua kazi yote bila kugusa siri hata moja, mradi uchunge idadi ndogo. Ukiandika "mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliyefiwa na mama", hukutaja jina na bado shule nzima inajua ni nani. Kanuni yangu ilikuwa kwamba kundi lenye watoto chini ya watano haliandikwi peke yake. Linaunganishwa na jingine au linaachwa. Na visa vya kusisimua, vile ambavyo ukivisimulia bodi nzima itatoa leso, usivipeleke kabisa, hata mtoto akiwa ameshamaliza shule. Ulipewa ili umsaidie. Hukupewa ili ujisaidie.

Sasa mkuu wako. Usimsubiri kwenye kikao. Mkuu wa shule akishtukizwa mbele ya bodi hujitetea, na akijitetea utakuwa umempoteza. Omba dakika thelathini, wiki ya tatu, ukiwa na karatasi moja: upande mmoja siku zako kumi, upande mwingine unachopendekeza. Kabla ya kuitoa muulize yeye kwanza, "Kitu gani cha wanafunzi kinakunyima usingizi mwaka huu?" Kisha nyamaza. Kunyamaza unakujua, ndiyo kazi yako. Akisema utoro, kile kikundi cha Alhamisi kinapata mlezi. Akisema matokeo ya mitihani, mwonyeshe kwamba mtu wa kuongea na mtahiniwa anayetetemeka yuko ukumbini anagawa karatasi.

Usimwambie "kazi hizi si zangu." Hata kama ni kweli, sikio la mkuu litasikia "mimi mvivu." Kila kazi unayotaka kuitua, itue mikononi mwa mtu au utaratibu: vibali vya waliochelewa visainiwe na mwalimu wa zamu, maana yeye tayari yuko getini, fomu za wapya ziende kwa karani. Usimamizi wa mitihani usiukatae wote. Walimu wote wanapanga zamu, nawe ni mtu wa shule. Chukua zamu moja kama wengine. Unachokataa ni kuwa mfuko wa kutupiwa kila kisicho na mwenyewe. Mkikubaliana, yaandikeni: mshauri atafanya haya, kwa saa hizi, kwa mwaka huu. Wekeni sahihi wote wawili. Makubaliano ya namna hiyo ni kawaida kabisa katika taaluma hii kwingineko, na faida yake huioni siku ya kusaini. Utaiona siku makamu atakapokuja mbio saa nne asubuhi na darasa lisilo na mwalimu, nawe ukamwambia kwa adabu, "Saa nne nina miadi, lakini saa sita nipo."

Huyo makamu, kwa njia, simwoni kuwa adui. Watu wa ofisi ya walimu huchukia chumba cha mshauri kwa sababu moja ndogo: wanamtuma mtoto, hawasikii tena habari yake. Mwalimu ana wasiwasi, amemleta, wiki inapita, kimya. Anahitimisha kwamba mlikuwa mkipiga soga. Tengeneza vikaratasi vya nusu ukurasa. Kila aliyekuletea mtoto apate kimoja ndani ya siku mbili: "Nimemwona. Tunaendelea. Nakuomba kwa sasa umkalishe mbele." Hakuna siri hapo, ila mwalimu amejua kwamba ujumbe wake ulifika. Kisha omba dakika kumi katika kikao cha walimu kijacho, uwaeleze kwa nini mlango hufungwa, na ni lini siri huvunjwa: mtoto akiwa katika hatari ya kujidhuru, ya kumdhuru mwingine, au akiwa anadhuriwa. Wengi hawajui hilo. Wanadhani unaficha kila kitu. Hapohapo waombe waache kumtumia mshauri kama fimbo. Usimtazame yeyote unapolisema. Wanajijua.

Nimefika kwenye chama, nawe naona ulilitaja jambo hili mwishomwisho kama mtu anayetaja deni. Miaka minne bila ada! Mwanangu, unalalamika kwamba hakuna anayekusemea, na wale wenye kazi ya kukusemea umewanyima hata nauli.

Lipa. Hilo halina mjadala.

Ukatibu, lakini, ningekushauri uukatae mwaka huu. Rafiki yako atanikasirikia. Najua ukatibu ulivyo: kumbukumbu za vikao, kuwakumbusha watu ada, kutafuta akidi ya saba pale walipokuja sita. Wewe leo una 870 na bodi wiki sita mbele. Ukijitwika na hilo utakuwa katibu mbaya, na makamu atapata ushahidi mpya kwamba haupo ofisini. Badala yake peleka kwenye tawi kitu kimoja: lile daftari lako la herufi. Waombe washauri wa shule kumi wajaze siku kumi zilezile, kwa herufi zilezile. Daftari la mshauri mmoja ni malalamiko. Mkuu anaweza kusema tatizo ni wewe. Madaftari kumi yakionyesha Z zilezile, hayo yanabebeka mpaka wizarani, na atakayeyabeba ni mwenyekiti wa chama kwa barua ya chama, si wewe mwajiriwa peke yako na jina lako. Kuna maneno ambayo mwajiriwa akiyasema anaitwa mkaidi, chama kikiyasema yanaitwa mapendekezo.

Hiyo ndiyo siasa unayoiogopa. Ni kuhesabu nusu saa pamoja na wenzako.

Na mambo hayo huwa yanafika mbali kuliko mtu anavyodhani akiwa kwenye chumba chenye nyavu. Mwaka 2015 Michelle Obama aliwakaribisha washauri wa shule Ikulu ya Marekani, kumtukuza mshauri bora wa mwaka. Tuzo ile haikubuniwa Ikulu. Ilikuwa ya chama chao, waliitoa wenyewe kwa wenyewe miaka kadhaa kabla haijafika Ikulu. Sisemi uende Ikulu. Nasema mtu alikaa kwenye kikao, pengine wakiwa sita wakimngoja wa saba, akasema "jamani, tuwe na tuzo."

Kitu kingine cha chama ambacho hujakitaja, nami nadhani ndicho unachokihitaji zaidi kuliko utetezi wote: mtu wa kukusikiliza. Miaka tisa unapokea, unampa nani? Wewe na rafiki yako tafuteni wengine wawili watatu wa shule za karibu, mkutane mara moja kwa mwezi, kila mtu alete kisa kimoja bila majina. Ukitoka hapo utakuwa mshauri bora. Na bodi ikikuuliza unajiendelezaje, utakuwa na jibu ambalo hukulitunga njiani.

Bado mlango. Leo hii, kabla ya daftari, kabla ya mkuu, tafuta karatasi ngumu na kalamu nene, ubandike juu ya lile neno STOO. Andika jina la kazi yako na saa unazopatikana. Chini yake weka kibao kidogo cha kugeuza: upande mmoja "Karibu, gonga", upande mwingine "Nina mtu ndani, rudi saa fulani". Miaka tisa umepita chini ya neno lile kila asubuhi ukilisoma! Usingoje kibali cha kubandika karatasi. Nyavu nazo zibebe mwenyewe, mwombe mwalimu wa michezo akusaidie upande wa pili.

Na bodi ikiamua vibaya pamoja na yote haya? Inawezekana. Mimi iliamuliwa vibaya. Lakini utakuwa na daftari, makubaliano, na tawi linalokujua kwa jina, na kwa vitu hivyo watu wamerudishwa kazini au wamepata shule nyingine iliyojua inachokitafuta. Miaka ile mimi nilikuwa na kurasa kumi na moja ambazo hakuna aliyezifungua.

Turudi kwenye karatasi ya miraba. Najua itakujia fikra ya kuiweka mezani mbele ya bodi. Ingewaliza wote. Usiipeleke. Ni yake yule mtoto, hata kama hakuweka jina. Mwandiko wake walimu wake wanaujua. Ifungie kwenye droo.

Kisha mtafute tena. Alikuambia kwa upole kwamba ameshamaliza mwenyewe, nawe kwa aibu uliyokuwa nayo ukamwacha aende. Kaa naye, mlango umefungwa, bila nyavu nyuma ya kiti, umuulize aliimaliza vipi.

Shangazi